Tezo Haina Ctrl+Z

Babu yangu alichonga twiga kwa zaidi ya miaka arobaini, na hajawahi kumwona twiga aliye hai. Si siri. Yeye mwenyewe atakuambia huku akicheka, akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yetu ya mabati hapa Mukuru kwa Reuben. Twiga wake aliiga wa fundi aliyemfunza, na fundi huyo aliiga wa fundi mwingine, na ukirudi nyuma vya kutosha unafika kwa mtu mmoja aliyeitwa Mutisya Munge.

Mimi nimechonga twiga mmoja tu, na hana uzito hata wa gramu moja. Anaishi ndani ya kompyuta. Nilimchonga kwa programu inayoitwa Blender, mkono wa kushoto ukiwa kwenye kibodi na wa kulia kwenye mausi ya shilingi mia tatu.

Kisa cha kumchonga ni maji. Mwaka wa 2024, mvua za Aprili zilipojaza Mto Ngong, maji yaliingia kwetu usiku. Tulimbeba babu, tukabeba godoro, tukabeba laptopu. Chini ya kitanda kulikuwa na twiga wa mwisho wa babu, urefu wa mkono mzima, ambaye hakuwahi kuuzwa kwa sababu tezo iliteleza ikamkata goti la mbele. Mti huelea. Asubuhi hakuwepo. Wiki chache baadaye tingatinga zilikuja kubomoa nyumba za kando ya mto, na hata pale tulipodhani tungemtafuta hapakuwa tena mahali.

Babu hangeweza kuchonga mwingine. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia mwaka wa 2021. Basi nikasema nitajaribu mimi, kwa njia ninayoiweza.

Kutoka vitani

Wamunyu ni soko dogo kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Ukipita na matatu unaweza usilione. Lakini kinyago cha mbao ulichowahi kukiona kwenye duka la watalii Nairobi au Mombasa, yule simba, yule kifaru, yule Mmaasai mwembamba mwenye mkuki, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukoo wake unaanzia hapo.

Stori inayosimuliwa mara nyingi ni hii. Mutisya Munge alikuwa Mkamba wa Wamunyu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alijikuta Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani, akiwa upande wa Waingereza. Huko aliwaona Wazaramo wa maeneo ya Dar es Salaam wakichonga watu na wanyama kwa mti mgumu. Akatazama, akajifunza. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918 alirudi nyumbani na kile alichokiona, akaanza kuchonga, akawafunza jamaa zake, na jamaa wakawafunza majirani.

Vita hivyo vilituachia mambo mengi tusiyoyakumbuka. Soko la Kariakor hapa Nairobi na mtaa wa Kariakoo kule Dar ni jina moja, nalo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza hadi wakafa kwa maelfu njiani. Ni ajabu kidogo kwamba leo unaenda Kariakor kununua viondo na viatu vya ngozi. Ufundi na kifo vilipita barabara moja.

Tusidanganyane, Wakamba hawakufunzwa kushika mti na vita. Vigoda vyao vya miguu mitatu, vilivyopambwa kwa waya mwembamba uliogongwa ndani ya mbao, vilijulikana kabla Munge hajaondoka nyumbani. Kilichobadilika ni mnunuzi. Kigoda unamchongea mzee unayemjua, atakikalia, na kikivunjika atakuletea. Twiga unamchongea mtu usiyemjua, atakayemweka juu ya kabati katika nyumba ambayo hutawahi kuingia.

Soko hilo lilikua kwa kasi. Vita Vikuu vya Pili vilileta askari wa kigeni wenye pesa na hamu ya kurudi nyumbani na ukumbusho. Kufikia miaka ya 1950 biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanauchumi Walter Elkan aliandika makala juu yake mwaka wa 1958. Mwaka wa 1963, mwaka ule ule wa uhuru, wachongaji wa Kikamba walioishi Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika kule Changamwe, ili wauze wenyewe badala ya kumpigia dalali magoti. Chama hicho kipo hadi leo.

Babu hakufika Mombasa. Alikuja Nairobi akiwa kijana, akapata nafasi kwenye vibanda vya wachongaji upande wa Pumwani, karibu na Gikomba. Tezo yake ilifuliwa kwa springi ya lori. Alichonga mhugu wakati mhugu ulikuwepo, na mpingo siku za bahati. Miti hiyo ilipoanza kuadimika, akachonga jakaranda, ambayo yeye huiita mboga kwa ulaini wake.

Birika la Utah

Sasa tuvuke bahari.

Mwaka wa 1975, katika Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, mtafiti aliyeitwa Martin Newell alitaka kitu cha kawaida cha kuchora kwa kompyuta. Mkewe akamshauri atumie birika la chai lililokuwa nyumbani. Newell akalichora kwenye karatasi ya miraba, akasoma vipimo, akaviingiza kwenye mashine kimoja kimoja. Birika hilo likawa maarufu kuliko vitu vingi vilivyowahi kuchorwa kwa kompyuta, na lile halisi la kauri liko makumbusho California.

Niliposoma hayo nilicheka, maana ndivyo wengi tunavyodhani kompyuta inavyochonga hadi leo: namba, namba, namba. Na kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka uso wa mtu, unaunganisha nukta kwa nukta, mstari kwa mstari, kama mtu anayesuka wavu wa kuvulia samaki na kutumaini utafanana na samaki. Studio za filamu zenye pesa zilimwajiri mchongaji wa udongo afanye kazi yake, kisha udongo ule ukapimwa na mashine ukaingizwa kwenye kompyuta. Yaani hata Hollywood walijua kwamba mkono unajua kitu ambacho namba hazijui.

Mwaka wa 1999 kampuni ya Pixologic, ya Ofer Alon na Jack Rimokh, ilionyesha programu yao ya ZBrush kwenye mkutano wa SIGGRAPH. Humo unashika kalamu ya kidijitali, unapitisha brashi juu ya donge, na donge linavimba au linabonyea kama udongo. Hakuna kuhesabu nukta. Mwaka wa 2014 watoaji wa tuzo za Oscar walimpa Alon tuzo ya kiufundi kwa kazi hiyo. ZBrush ni nzuri, nimeiona kwenye video nyingi. Bei yake pia nimeiona.

Ndipo inapoingia Blender, na hii ndiyo sehemu ya historia ninayoipenda zaidi.

Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1980, Ton Roosendaal alianzisha pamoja na wenzake studio ya uhuishaji iliyoitwa NeoGeo. Studio ilihitaji programu yake yenyewe, na Januari 1994 Roosendaal akaanza kuiandika. Akaiita Blender, jina la wimbo wa bendi ya Uswisi, Yello. Kumbuka hilo neno studio. Blender haikuandikwa kumfurahisha mgeni anayeifungua mara ya kwanza. Iliandikwa kwa watu waliokaa mbele yake siku nzima na kutaka kazi iishe. Ndiyo maana kila kitu kina kitufe chake. Mkono mmoja haubanduki kwenye kibodi, mwingine haubanduki kwenye mausi. G unashika na kusogeza, R unazungusha, S unakuza au kupunguza. Kufungua menyu ni kwa wageni.

Mwaka wa 1998 Roosendaal alianzisha kampuni ya kuisambaza. Wawekezaji wakaja, kisha wakaondoka, na mapema mwaka wa 2002 kampuni ikafungwa. Programu ikabaki mikononi mwa wawekezaji, kama vile mali ya duka lililofilisika inavyofungiwa na mwenye jengo. Roosendaal akawauliza mnataka ngapi. Wakakubaliana euro 100,000. Julai ile akaanzisha mchango kwenye intaneti, akiwaomba watumiaji wa Blender popote walipo wachange.

Sisi tungeiita harambee. Ilichukua wiki saba tu. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo wa Blender ukatolewa chini ya leseni huru ya GPL: yeyote aweza kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, na hakuna anayeweza kuifungia tena. Mtu wa Mukuru asiyekuwa na hata akaunti ya benki anaipakua bure kwa sababu watu asiowajua walichanga miaka zaidi ya ishirini iliyopita.

Uchongaji wenyewe uliingia baadaye, nao uliletwa na mwanafunzi. Mwaka wa 2006 Nicholas Bishop, akilipwa kupitia mpango wa Google wa kuwapa wanafunzi kazi ya programu huria wakati wa likizo, aliandika sehemu ya kwanza ya kuchonga. Ilitoka na toleo la 2.43 mwaka wa 2007. Mwaka wa 2013, kwenye toleo la 2.66, ikaja njia ya kuongeza nyama mahali unapochonga tu, bila kuongezea mwili mzima. Mwishoni mwa 2019, toleo la 2.81 likaleta brashi mpya na njia ya kusuka upya ngozi yote ya mchongo kwa kubonyeza Ctrl na R.

Mbona nakupa namba za matoleo kama karani? Kwa sababu zilinitesa.

Vitufe

Laptopu yetu ni mitumba kutoka Uingereza, RAM 4, na betri inayokaa dakika kumi na mbili. Nilipopakua Blender mpya ilikataa kufunguka. Kuanzia toleo la 2.80, la Julai 2019, programu ilianza kutaka kadi ya picha inayojua OpenGL 3.3, na yangu haikujua. Nikarudi hadi 2.79.

Lakini video zote nilizokuwa nikitazama zilikuwa za toleo jipya. Mwalimu anasema bofya kushoto uchague. Mimi nabofya kushoto, kinatokea kiduara kidogo chenye mistari myekundu na myeupe, na hakuna kinachochaguliwa. Siku mbili! Nilidhani mausi ni bovu, nikabadilisha mausi. Kumbe kabla ya 2.80 Blender ilichagua kwa kitufe cha kulia, na ikabaki hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini hadi walipoamua kufanana na dunia. Nilikuwa nimekwama kwenye ufa wa historia na sikujua.

Pia laptopu haina ile safu ya namba upande wa kulia, ambayo Blender huitumia kukuonyesha mchongo kutoka mbele, ubavuni na juu. Dawa iko kwenye mipangilio: unawasha Emulate Numpad, na namba za juu ya kibodi zinafanya hiyo kazi. 1 ni mbele, 3 ni ubavu, 7 ni juu. Kama unatumia kibao cha kugusa bila mausi, washa Emulate 3 Button Mouse, kisha Alt pamoja na kubofya kushoto inakuzungusha. Nimeviandika hivi kwa sababu mimi ningelipa pesa kuviambiwa.

Baada ya hapo, kuchonga kwenyewe kunahitaji vitufe vichache sana. F, kisha sogeza mausi: brashi inakuwa kubwa au ndogo. Shift na F: nguvu ya brashi. Shika Ctrl huku ukichonga: pale ilipokuwa inaongeza nyama sasa inachimba. Shika Shift: inalainisha. Ukiwa na hivyo vinne, na Ctrl+Z ya kurudi nyuma, unaweza kuchonga karibu chochote. Mengine ni kuongeza mwendo.

Jioni ya kwanza niliyomwonyesha babu, alitazama bila kusema kitu. Nilikuwa nimeanza na mpira na nilikuwa tayari nimeshaweka macho na nyusi juu yake, halafu nalainisha, nalainisha. Shift ni tamu, ukweli usemwe. Kila kitu kinang'aa.

"Unapiga msasa?" akauliza.

"Ndio, Umau." Hivyo ndivyo tunavyomwita babu kwetu Ukambani.

"Kichwa kiko wapi?"

"Si hiki hapa."

"Hicho ni chungu chenye macho. Unapiga msasa kitu ambacho hakijazaliwa."

Akanieleza alivyofunzwa. Kwanza panga na msumeno, unatoa gogo na kuacha umbo ambalo mtu akilitazama kutoka ng'ambo ya barabara anasema twiga. Kisha tezo, kwa mapigo makubwa, shingo, bega, tumbo. Patasi inakuja baadaye, tupa baadaye zaidi, na msasa ni wa mtu aliyemaliza. Fundi wake alikuwa akificha msasa ili vijana wasiuguse mapema.

Wiki moja baadaye nilisikia mwalimu mmoja wa video, mtu wa Ulaya, akisema karibu jambo lile lile. Anza na nyama chache, weka maumbo makubwa, tumia brashi kubwa kadiri unavyoweza, na usilainishe kabla ya wakati. Hakumjua babu wala Wamunyu. Nadhani donge ni donge, popote lilipo.

Jambo moja hawakukubaliana. Blender ukiiacha ilivyo, huchonga pande mbili kwa pamoja: ukigusa sikio la kushoto, la kulia linajifanya lenyewe. Kila mwanafunzi huipenda. Babu aliitazama kwa mashaka. Akaniambia hakuna twiga aliyetoka mkononi mwake akiwa na pande mbili sawa, kwa sababu mti haukubali, kuna fundo huku, kuna ufa kule, na fundi anamfuata mti. "Huyu wako hajawahi kulala upande mmoja," akasema.

Kisha nikamwonyesha Ctrl+Z. Nilichimba shingo hadi ikakatika, nikabonyeza, ikarudi. Nikamweleza kwamba Blender hukumbuka hatua 32 za nyuma na kwamba hujihifadhi kila baada ya dakika mbili, hata stima ikipotea au tokeni ikiisha hupotezi siku nzima.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema, "Ningekuwa na hicho, ungekuwa bado unamwona yule wa goti."

Dola arobaini

Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimehamia kwenye saiba moja upande wa Gatoto. Kompyuta zao zinafungua toleo jipya, na usiku jamaa wa pale hunihesabia nusu bei. Twiga wangu alikuwa ameiva. Nilimtengeneza kwa maelezo ya babu, lakini safi: pande mbili sawa, miguu minne iliyonyooka, goti zima.

Nikapata mteja wa ng'ambo kwenye intaneti. Alitaka wanyama watano kwa mtindo wa vinyago vya Afrika, vya kuwekwa kwenye mchezo wa video. Alinilipa dola arobaini kwa wote watano. Unaweza kuona ni kidogo. Mimi nilikuwa nimetoka kukaa miezi minne nikipanga foleni alfajiri kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area nikitafuta kibarua, kwa hiyo niliona ni nyingi. Nikalipa kodi ya nyumba, nikanunua unga.

Miezi miwili baadaye nikakutana na twiga huyo kwenye duka la mtandaoni la kuuzia michongo ya 3D. Bei ya kila nakala ilikuwa karibu nusu ya nilicholipwa kwa wote, na nakala hazina mwisho. Jina la msanii lilikuwa la mtu mwingine. Maelezo yalisema ni mchongo wa asili wa Kiafrika, bila nchi, bila kabila, bila mtu.

Nilimwambia babu nikitarajia akasirike. Akauliza nililipwa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa shilingi, akasema, "Mimi yule dalali alikuwa ananilipa kwa dazani."

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akiwa kijana alichonga jina lake chini ya tumbo la kifaru, herufi ndogo kabisa. Dalali akaligundua, akamrudishia kifaru alipige msasa. Mnunuzi, alimwambia, hataki jina la mtu. Anataka kitu cha kabila. Jina linafanya kionekane kimetengenezwa juzi Pumwani.

Nimeifikiria sana hiyo stori, na nikaona nilikuwa nimeisoma historia ya Blender vibaya. Nilidhani tatizo la babu lilikuwa chombo, na kwamba kizazi changu kimeokolewa kwa sababu chombo sasa ni bure. Lakini tezo ya babu ilikuwa yake tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemnyang'anya. Kilichomshinda ni safari kati ya mkono wake na kabati la mnunuzi, na kila mtu aliyesimama kwenye hiyo safari. GPL inalinda programu. Mchongo unaoufanya kwa programu ni wako, na kwa sababu ni wako, unaweza kuutoa kwa dola arobaini usiku mmoja wa njaa.

Watu wa Changamwe mwaka wa 1963 walilielewa hilo. Hawakuanzisha chama ili wapate tezo, walikianzisha ili wasimame wenyewe mlangoni pa duka. Na wale wa 2002 waliochanga kumkomboa Blender walilielewa kwa upande mwingine: kitu mnachokitegemea wote kikishikwa na mtu mmoja, changeni mkitoe.

Linganisha pia na Edward Said Tingatinga. Alianza kuchora kwa rangi Dar es Salaam mnamo 1968, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka wa 1972, na bado jina lake liko kwenye kila picha ya mtindo wake, hata zilizochorwa na watu waliozaliwa baada ya kifo chake. Lilifika hadi kwenye vibonzo vya watoto, *Tinga Tinga Tales*, vilivyotengenezwa hapa Nairobi na kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2010. Mutisya Munge alianzisha kazi iliyolisha familia nyingi zaidi kwa zaidi ya miaka mia moja. Nenda duka lolote la vinyago uulize jina lake uone.

Goti

Siku hizi tuko watatu kwenye saiba. Mmoja huchonga sura za watu, mwingine magari ya matatu yenye graffiti yote, mimi wanyama. Tumefungua akaunti moja ya kuuzia, na tumekubaliana mambo mawili. Bei inapangwa na sote, hakuna kuuza usiku peke yako. Na kila mchongo una jina la aliyeuchonga chini ya unyayo, limechimbwa kwa Ctrl, si kwenye maelezo ambayo mtu anaweza kuyafuta. Anayetaka kuliondoa itabidi alipige msasa. Hadi sasa tumeuza saba. Hakuna aliyetajirika.

Twiga wa babu hayumo kwenye hiyo akaunti. Nilimwanza upya, tangu kwenye mpira, nikiwa nimezima ile ya pande mbili sawa. Babu alikaa kando yangu siku za Jumapili, jamaa wa saiba akimpa kiti cha plastiki chenye mgongo. Shingo ipinde kidogo kushoto, alisema, gogo lilikuwa hivyo. Sikio hili fupi. Mguu wa nyuma usiguse chini vizuri, alikuwa anatikisika ukimweka mezani. Kumbukumbu yake ilikuwa kwenye mkono usiosogea tena, akitaka kunionyesha kitu nilikuwa naona bega linainuka na kuishia hapo.

Tulipofika kwenye goti nikamwuliza kovu lilikuwa la urefu gani, limeelekea wapi. Akasema hawezi kunieleza. Akaomba mausi.

Nikaipanga kwa mkono wa kushoto. Nikambonyezea F hadi brashi ikawa nyembamba, nikashika Ctrl mimi. Akasogeza. Mkono ulitetemeka, na mstari ukatoka pale goti, ukapita, ukachimba hadi karibu na kifundo, ndefu kuliko ninavyoikumbuka ile ya kweli.

"Inarudi?" akauliza.

"Inarudi, Umau. Nibonyeze?"

Aliitazama kwa muda. Nje muuzaji wa mutura alikuwa anapanga jiko, na jenereta ya kinyozi ilikuwa imeshika.

"Acha," akasema.

Nikaihifadhi. Chini ya unyayo nimechimba majina mawili, lake kwanza.